Kidonge, kola, matone au dawa ya kuogesha: ipi inamfaa mbwa wako msimu wa kupe

Ukimkuta kupe mmoja amejaa damu sikioni mwa mbwa, ujue wenzake wengi zaidi wako kwenye nyufa za banda, chini ya godoro lake na nyuma ya ubao wa ukuta. Kupe wa kahawia wa mbwa (Rhipicephalus sanguineus) hunyonya damu mara tatu tu maishani: akiwa lava mwenye miguu sita, akiwa nimfu (hatua ya kati, kabla hajakomaa), na akiwa mkubwa. Kila akishiba anadondoka, anajificha, anajivua gamba na kungoja mbwa apite tena. Jike aliyeshiba hupanda ukutani na kutaga mayai ambayo yanaweza kufika 4,000 katika ufa mmoja. Joto likipanda, mzunguko mzima unaweza kukamilika kwa takriban miezi miwili, na kupe mkubwa ambaye hajapata mbwa anaweza kukaa na njaa zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo dawa zilizo hapa chini hazikupimwa kwa nguvu peke yake. Nyingi zina nguvu ya kutosha. Kinachozitofautisha ni mwanya, yaani siku au sehemu ya mwili inayobaki bila kinga, na jinsi mwanya huo unavyofunguka mikononi mwa mtumiaji wa kawaida.

Vidonge vya kutafuna

Kwa mbwa wengi wenye afya hili ndilo chaguo letu la kwanza. Hapa tunazungumzia jamii ya isoksazolini: Bravecto (fluralaner), NexGard (afoxolaner), Simparica (sarolaner) na Credelio (lotilaner). Dawa huingia kwenye damu, kupe akinyonya anainywa, inavuruga mishipa yake ya fahamu na anakufa. Hakuna cha kuoshwa na maji, hakuna mafuta mikononi mwa watoto, na mbwa anaweza kuogelea dakika kumi baadaye.

Bravecto, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2014, hukaa wiki 12 kwa kupe wengi. Kuna kupe mmoja wa Amerika, Amblyomma americanum, ambaye kwake kinga ni wiki 8 tu. NexGard na Credelio ni za kila mwezi, Simparica ni siku 35. Wengi hupenda Bravecto kwa sababu unakumbuka mara chache, lakini hapo hapo ndipo mwanya unapofunguka: wiki 12 si miezi mitatu ya kalenda. Ni siku 84. Miezi mitatu kwa kawaida ni siku 90 hadi 92, na hiyo wiki ya ziada ikiangukia katikati ya joto, kupe wanaipata. Andika tarehe ya kidonge kijacho kwenye simu siku ile ile unapotoa cha leo.

Kosa la pili ni uzito. Kipimo cha chini cha fluralaner ni miligramu 25 kwa kila kilo ya mbwa. Kidonge cha miligramu 1,000 ni cha mbwa wa zaidi ya kilo 20 hadi kilo 40. Mpe mbwa wa kilo 42 na amepata chini ya miligramu 24 kwa kilo. Wiki za mwanzo hutaona tofauti, za mwisho ndizo zitakazokusaliti. Kukadiria kwa macho hakufai, hasa kwa mbwa wenye manyoya mengi. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha panda peke yako, toa. Mbwa mkubwa asiyebebeka apelekwe kwenye mizani ya daktari wa mifugo. Mbwa anayekua apimwe upya kabla ya kila kidonge. Na usikate kidonge kikubwa ugawie mbwa wawili wadogo, hata kama hesabu inakubali: havikutengenezwa kukatwa, na maelekezo ya Bravecto na NexGard yanakataza wazi.

Tumbo tupu ni kosa la tatu. Credelio lazima itolewe pamoja na chakula au ndani ya nusu saa baada ya kula, vinginevyo dawa haifyonzwi ipasavyo. Bravecto nayo itolewe karibu na mlo. NexGard haijali sana chakula, lakini mbwa akitapika ndani ya saa mbili, maelekezo yake yanasema atolewe dozi nyingine kamili. Simama umwone anameza. Mbwa mjanja hubana kidonge shavuni na kukitema nyuma ya kochi.

Malalamiko makubwa kuhusu vidonge yanatoka kwa mtu aliyetoa kidonge Jumatatu na Ijumaa akaona kupe anatembea juu ya mbwa. Hilo si kushindwa kwa dawa. Kidonge hakifukuzi kupe. Lazima amng'ate kwanza, kisha afe, kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 48. Mtazame kupe mwenyewe. Aliye bapa, mkavu, miguu imejikunja na anakatika ukimgusa kwa kibano, amekufa hapo hapo alipojishika. Aliye bapa lakini anatembea, amefika sasa hivi. Wa kukutia wasiwasi ni yule wa kijivu, mviringo kama punje ya kunde, amejaa damu wakati kidonge hakijafika hata nusu ya muda wake. Huyo ni dalili kwamba kipimo kilikuwa kidogo au kidonge hakikukaa tumboni.

Udhaifu wa kweli uko kwenye huko kung'ata. Bakteria wa Ehrlichia canis anaweza kupita kutoka kwa kupe kwenda kwa mbwa ndani ya saa chache baada ya kupe kujishika, kabla dawa haijamaliza kazi. Babesia, kimelea cha damu, kwa kawaida huhitaji muda mrefu zaidi, mara nyingi kama siku mbili, na hapo kidonge huwahi. Mahali penye erlikiosisi nyingi (ugonjwa wa huyo Ehrlichia), daktari anaweza kushauri kuongeza kitu kinachofukuza kupe kabla hawajang'ata.

Kuna pia onyo la mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) la Septemba 2018: jamii hii yote inaweza kuleta mtetemeko wa misuli, kuyumba au degedege kwa mbwa wachache, hata wengine wasiokuwa na historia hiyo. Mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari kuamua. Kwa umri, soma lebo ya nchi yako kwa sababu hazilingani: NexGard huanzia wiki 8, Bravecto ya kutafuna ni wiki 8 Ulaya lakini miezi 6 Marekani.

Kola

Inayostahili kujadiliwa ni Seresto, yenye imidacloprid na flumethrin. Kola nyingi za bei ya chini zenye harufu ya mimea hazina kazi ya kupimika kwa kupe, na hatutazipa aya. Seresto hutoa dawa kidogo kidogo, inasambaa kwenye mafuta ya ngozi na manyoya, na kupe hufa au hukimbia kwa kugusa tu, bila kulazimika kung'ata. Kinga hufika miezi 7 hadi 8. Kwa mwenye mbwa anayesahau tarehe, hii inashinda kidonge.

Kuivalisha kunaonekana rahisi, ndiyo maana inakosewa. Usifungue pakiti mpaka siku ya kuitumia. Ikunjue, hakikisha hakuna vipande vya plastiki vilivyobaki upande wa ndani. Ipitishe shingoni kama mshipi bila kubana, acha nafasi ya vidole viwili kati ya kola na shingo. Ncha ipite kwenye kitanzi, kisha kata ziada ukiacha sentimita 2 tu. Ikining'inia kama mkufu haigusi ngozi, na isipogusa ngozi dawa inabaki kwenye plastiki. Kwa mbwa wa manyoya marefu, chambua manyoya yatoke chini ya kola ili ilale kwenye ngozi yenyewe. Kagua nafasi hiyo kila wiki mbili; kwa mtoto wa mbwa kila wiki, shingo inanenepa haraka.

Kola ndogo ni ya mbwa wa hadi kilo 8, kubwa ni ya zaidi ya hapo. Usijaribu kukata kubwa itoshe mdogo.

Mwanya wake wa kwanza ni siku za mwanzo. Kupe waliokwisha kujishika wanaweza kuendelea kukaa hadi saa 48 au zaidi, kwa hiyo watoe kwa mkono siku unapoivalisha, na ivalishe kabla msimu haujachanganya. Wa pili ni sabuni. Mvua haina shida. Mbwa anayeogeshwa kwa shampuu au kuzamishwa majini kila mwezi, kinga ya viroboto hushuka hadi miezi 5 hivi na ya kupe hadi 7. Anayeogelea kila siku atumie kidonge. Wa tatu ni watu wanaoivua kila usiku. Ikivuliwa, akiba iliyo kwenye ngozi huanza kupungua.

Mwaka 2021 kola hii ilizua gumzo kubwa Marekani kwa sababu ya ripoti nyingi za mbwa waliougua. Mamlaka ya mazingira ya huko, EPA, ilimaliza mapitio yake 2023 na kuiruhusu iendelee kuuzwa kwa masharti, yakiwemo maonyo zaidi kwenye lebo. Matatizo ya kawaida ni ngozi kuwasha na manyoya kunyonyoka chini ya kola. Ikitokea hivyo ivue mpaka ngozi ipone. Zipo bandia nyingi mitandaoni. Ya kweli huwa na namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Ukikuta imefungwa kwa mfuko wa nailoni tu, iache dukani.

Mbwa wawili wanaocheza kwa kung'atana shingo ni sababu tosha ya kutoinunua. Vilevile mbwa anayelala kitanda kimoja na mtoto.

Matone ya mgongoni

Fiproni, ile iliyomo kwenye Frontline, imetumika tangu miaka ya 1990 na bado inafanya kazi yake kwa viroboto. Kwa kupe wa kahawia, tusiifiche, vidonge vinaishinda. Hujihifadhi kwenye tezi za mafuta ya ngozi na kutoka polepole, kwa hiyo mbwa asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada. Ukimwogesha asubuhi na kumwekea jioni, mafuta ya kuibeba hayapo.

Advantix, yenye imidacloprid na permethrin, ni nzuri zaidi kwa kupe kwa sababu inawafukuza, na inafukuza mbu pia. Dozi ni kwa uzito: mililita 0.4 hadi kilo 4, mililita 1 hadi kilo 10, mililita 2.5 hadi kilo 25, mililita 4 hadi kilo 40. Tenga manyoya mpaka uone ngozi yenyewe, gusisha ncha ya kichupa, kamua. Mbwa wa zaidi ya kilo 10 agawiwe sehemu tatu au nne, toka mabegani hadi mzizi wa mkia. Ukimwaga yote mahali pamoja, nusu inateleza ubavuni na kuishia kwenye zulia. Kinga ni wiki 4 kwa kupe wengi, lakini kuna jamii ya kupe ambayo kwake ni wiki 3 tu, soma lebo.

Kama kuna paka nyumbani, tafuta kitu kingine. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrin, na kichupa cha mililita 4 cha mbwa mkubwa kina gramu 2 nzima za sumu hiyo. Paka akimlamba mbwa kabla hajakauka, au mtu akimpaka paka "kidogo tu", atatetemeka, atapata degedege na anaweza kufa. Hii ndiyo ajali mbaya kuliko zote kwenye orodha hii, na hutokea kwa sababu pakiti ya mbwa na ya paka zinafanana rangi.

Dawa ya kuogesha

Amitrazi ya asilimia 12.5 ndiyo wengi wanayoijua, ile ile inayonyunyiziwa ng'ombe. Inaua kupe vizuri sana na inawafanya waachie. Kwa mbwa aliyefunikwa na kupe, mamia kwa mamia, inapunguza mzigo siku ile ile. Kama kinga ya msimu mzima haifai: kinga yake ni ya siku chache, wiki hivi, kisha mwanya.

Mchanganyiko wa asilimia 0.025 unapatikana kwa mililita 2 za dawa katika lita 1 ya maji. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kipimo cha kifuniko cha chupa kinadanganya, na hakuna ushahidi kwamba kuzidisha mara mbili kunaua kupe mara mbili. Kunamlewesha mbwa tu. Lebo ya chupa uliyonayo ikisema vingine, ifuate hiyo. Mwogeshe kwanza kwa sabuni ya kawaida kutoa matope, msuuze, kisha pakaa dawa kwa sifongo mpaka ilowe hadi ngozini, pamoja na kati ya vidole, kwapani na chini ya mkia. Uso tumia kitambaa, macho yalindwe. Usimsuuze. Akauke kivulini, penye hewa, asijilambe mpaka akauke. Mchanganyiko uliobaki umwage kwa kufuata lebo, mbali na mto na kisima. Haufai kuwekwa mpaka wiki ijayo kwani dawa huharibika ikishachanganywa na maji.

Vaa glovu. Mtu mwenye kisukari asiishike kabisa, wala anayetumia dawa za mfadhaiko za kundi la vizuizi vya MAO. Mbwa mwenye kisukari asiogeshwe nayo kwa kuwa inapandisha sukari. Chihuahua na watoto wa mbwa chini ya miezi 4 waachwe, paka wasiguswe. Usingizi kidogo baada ya kuoga ni kawaida. Mbwa asiyeamka, mwenye mapigo ya moyo ya polepole na mwili wa baridi apelekwe kwa daktari haraka, maana dawa ya kupinga sumu hii ipo (atipamezole au yohimbine). Beba chupa, usimwambie daktari "ni ile ya ng'ombe".

Poda za kunyunyiza na shampuu za kupe huua waliopo siku hiyo na kuishia hapo. Sindano ya ivermectin, ambayo bado inachomwa mbwa kwa ajili ya kupe, haiwadhibiti ipasavyo, na kwa mbwa wa jamii ya Collie wenye kasoro ya jeni ya MDR1 dozi kubwa inaweza kuua. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari ni sumu, basi.

Banda na nyumba

Hakuna dawa yoyote hapo juu itakayosifiwa kama kuta zimejaa nimfu. Matandiko yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Nyufa, pembe za dari, nyuma ya vitanda na chini ya mlango zivutwe vumbi kwa mashine, na mfuko wake ufungwe na kutupwa nje siku hiyo hiyo. Ziba nyufa kwa saruji. Ni kazi ya mara moja inayozidi dawa nyingi. Dawa ya kunyunyizia iwe iliyoandikwa ni ya ndani ya nyumba, irudiwe baada ya wiki mbili hadi tatu kwa sababu mayai huwa hayafi mara ya kwanza. Tangi la samaki litolewe, piretroidi (jamii ya permethrin) huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Mbwa wote wa nyumba watibiwe siku moja. Ukimwacha mmoja wa nje "kwa kuwa hana kupe", huyo ndiye atakayelisha kizazi kijacho.

Tarajia kuendelea kuona kupe wachache kwa miezi miwili hadi mitatu hata kama kila kitu kimefanywa sawa. Waliokuwa ukutani kabla ya dawa wanashuka mmoja mmoja.

Ukaguzi wa mkono

Kila siku msimu wa joto, dakika tano: ndani na kingo za masikio, kope, midomo, chini ya kola, kwapani, kinena, chini ya mkia, na kati ya vidole vya miguu yote minne. Tumia ncha za vidole zaidi ya macho. Lava ana ukubwa wa punje ya mchanga. Kupe aliyejishika mkamate kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja bila kukamua tumbo lake. Kwa ndoano ya kupe, iteleze chini yake kisha zungusha. Usimpake vaselini wala kumchoma kwa kiberiti. Kipande cha mdomo kikibaki, paka dawa ya vidonda na ukiache, ngozi itakitoa. Usimwache mbwa amtafune kupe: kimelea kiitwacho Hepatozoon canis huingia kwa kummeza kupe, haihitaji kung'atwa.

Kupe aliyetolewa mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti chenye tarehe. Mbwa akipata homa, ufizi mweupe, mkojo wa rangi ya chai nyeusi au damu puani wiki mbili tatu baadaye, nenda kwa daktari na kichupa hicho.